Paris: magofu kwanza, mizinga baadaye

Watalii wengi wakitaka magofu ya Kirumi huwaza Italia tu, Paris wanaiachia Eiffel. Hata wanaoyajua hupanga siku yao vibaya: asubuhi Makumbusho ya Jeshi pale Invalides, magofu jioni wakiwa hoi. Geuza. Makumbusho yana maelezo kila kabati, hata akili iliyochoka itaambulia kitu. Gofu halikusaidii hivyo. Linataka macho mapya.

Anza Arènes de Lutèce, unaingilia Rue Monge, bila kiingilio. Ni uwanja wa maonyesho wa Kirumi ulioibuka mwaka 1869 barabara hiyo ilipokuwa ikijengwa. Ngazi nyingi za kukalia ni ukarabati wa baadaye, kwa hiyo usipoteze muda kupiga picha kila jiwe. Nusu saa yatosha.

Tembea dakika kama 20 hadi Makumbusho ya Cluny. Huko ndiko kwenye uhondo. Chumba cha maji baridi cha hamamu ya Kirumi kingali na dari lake la tao, takriban mita 14 juu. Usogelee ukuta. Utaona safu za mawe madogo yaliyochongwa, mkanda wa matofali ya kuchoma, kisha mawe tena. Matofali hayo si pambo tu: husawazisha safu na kushikamanisha uso wa ukuta na kiini chake cha mawe na chokaa. Lakini Jumatatu hufungwa, na utaishia kuchungulia uani kupitia uzio.

Kwenda Invalides, panda metro namba 10 hadi Duroc, badili uchukue namba 13, shuka Varenne. Tiketi ya makumbusho inajumuisha kaburi la Napoléon. Kila mtu hukimbilia hapo. Mimi ningelitengea dakika kumi za mwisho.

Anzia mrengo wa mashariki, utafute dirii, yaani vazi la chuma la kifuani na mgongoni, ya Fauveau, askari farasi aliyeuawa katika vita vya Waterloo mwaka 1815. Tufe la mzinga liliingia kifuani upande wa kulia likatokea mgongoni. Tazama pande zote mbili: mbele bati limebonyea ndani, nyuma limechanika kwenda nje. Dirii ilikuwa ya kumkinga mtu na panga na risasi za mbali, si mzinga.

Sare zipo za kumwaga. Zipite haraka, maana hapo ndipo miguu huisha. Vuka ua uende mrengo wa magharibi, kwenye sehemu ya vita vikuu viwili vya dunia; kuna teksi ya Renault ya aina iliyobeba askari kuelekea vita vya Marne, Septemba 1914. Kikague kiti cha nyuma, halafu jaribu kuwapanga humo wanaume wanne na bunduki zao.