Kamisheni Inapigiwa Kelele, Hesabu ya Bosi Haiguswi

Mjadala wa teksi mtandao ukianza, haupiti dakika tano kabla ya kuingia kwenye asilimia. Programu inamkata dereva kamisheni ya asilimia ngapi ya nauli? Mwaka 2022 LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, iliweka kikomo cha asilimia 15, kampuni ya Uber wakasimamisha huduma Aprili mwaka huo, na Januari 2023 wakarudi baada ya kikomo kupandishwa hadi 25, ukiacha ada ya asilimia 3 ya kuita gari. Hayo yamesemwa sana. Lisilosemwa ni kwamba madereva wengi wanaendesha gari la mtu. Jioni ikifika bosi, yaani mwenye gari, anataka hesabu yake, kile kiasi walichokubaliana kwa siku, programu ikate 15 au ikate 25.

Tuchukue Kigoma, tufanye mfano. Tarakimu ni za kupigia hesabu tu, kila kijiwe kiweke za kwake. Teksi inatoka stesheni ya treni kumpeleka abiria upande wa Ujiji, kilomita 8, nauli 8,000. Gari dogo linakwenda kilomita 12 kwa lita moja ya petroli, na lita tuseme ni 3,000. Kwenda na kurudi ni kilomita 16, mafuta kama 4,000. Programu ikikata asilimia 25 inachukua 2,000, dereva anabaki na 2,000. Ikikata 15 inachukua 1,200, anabaki na 2,800.

Sasa weka hesabu ya bosi, tuseme 25,000 kwa siku. Kwa 2,000 kila safari, anahitaji safari 13 ndipo bosi atosheke, na hapo hajanunua hata chapati. Kwa 2,800 ni safari 9. Nafuu ipo, sikatai. Lakini tazama kinachotokea akipata abiria wa kurudi naye mjini: mafuta ya kurudi yanalipwa na safari ya pili, kwa hiyo ile ya kwanza inamwachia 4,000 hata kamisheni ikiwa 25. Kupunguza kamisheni kumempa 800. Kutorudi mtupu kumempa 2,000, na nauli ya abiria wa pili bado haijahesabiwa.

Hapo ndipo kanuni iliyotungwa kwa kuitazama Dar es Salaam inapopwaya ikiletwa huku. Dereva wa Dar akimshusha mtu Mwenge hana haja ya kurudi alikotoka, simu italia palepale. Dereva wa Kigoma akimshusha mtu Ujiji au Kibirizi saa nane mchana, uwezekano mkubwa anarudi na viti vitupu. Abiria wetu hawaji kwa mfululizo, wanakuja kwa mafungu: treni imeingia, ndege imetua, boti zimefika Kibirizi. Kwa nusu saa gari hazitoshi, kisha kwa muda wa saa tatu madereva wanacheza bao. Nauli ya kilomita inayohesabu tu umbali abiria aliomo ndani inamwibia dereva wa mji wa namna hii bila mtu yeyote kuwa mwizi.

Ndiyo maana dereva wa programu hupiga simu kabla ya kukufuata: "Unaelekea wapi? Unalipa keshi?" Abiria huona ni ukosefu wa adabu. Ni hesabu. Ukilipa kwa kadi, hela inapita kwanza kwa kampuni, naye mafuta anayahitaji leo. Ukilipa keshi, kamisheni inabaki kuwa deni lake kwenye programu, na deni likizidi akaunti inafungwa. Kisha anakuomba ufute safari mwende "nje ya mtandao". Hapo unapoteza kumbukumbu ya safari na bei uliyoonyeshwa, na simu ukiisahau kwenye kiti hujui uanzie wapi kuitafuta.

Teksi za kijiweni nazo zisijifanye malaika. Mgeni anashuka kwenye treni usiku, ana begi mbili na dumu la mawese la lita 20, hajui mji. Anatajiwa bei na mtu mmoja huku wengine kumi wakinyamaza kwa kuwa ni zamu ya mwenzao. Hapo hakuna soko. Kwa sababu hiyohiyo teksi za barabarani za London zina mita ya kuhesabu nauli, na gari la programu kule haliruhusiwi kuokota mtu njiani, ni lazima liwe limeitwa kabla. Wametenganisha mambo mawili: abiria anayeweza kulinganisha bei akiwa amekaa, na abiria aliyesimama na mzigo hana pa kulinganishia. Huyu wa pili ndiye anayehitaji bei iliyopangwa.

Kwa Kigoma mita sizitaki. Zitaharibika na hakuna wa kuzikagua. Kinachofaa ni ubao: stesheni, uwanja wa ndege, bandarini na Kibirizi, uandikwe nauli kwa eneo. Mwanga kiasi hiki, Gungu kiasi hiki, Ujiji kiasi hiki. Bei ya mchana na ya usiku. Ya teksi na ya bajaji. Mzigo uandikwe peke yake, kwa sababu ndio chanzo cha ugomvi. Programu haijui kwamba umebeba magunia mawili ya dagaa, wala kwamba dumu la mawese likivuja kiti hakisafishiki kwa maji na sabuni. Bei za ubao zihesabu kilomita za kurudi mtupu, na mafuta yakipanda zipitiwe upya. Ubao wa miaka mitatu iliyopita huwa hausomwi na mtu.

Kampuni ya programu itakayokuja huku nayo iwe na masharti mafupi. Kabla dereva hajakubali, aone anakokwenda, nauli na kitakachokatwa, vyote kwa shilingi. Akifungiwa akaunti aambiwe kosa lake, na awepo mtu wa kumsikiliza, si ujumbe wa kompyuta tu. Bei ikipanda treni inapoingia, ipande hadi kikomo kinachojulikana, isiuzidi ubao. Basi. Kuongeza masharti ishirini ni kuwapa kazi mawakili.

Kuhusu teksi bubu, zile gari binafsi zinazobeba abiria kimyakimya, tazama namba. Gari la biashara lina namba nyeupe, la binafsi lina namba ya njano. Kubeba abiria kwa namba ya njano watu hukuona ni kukwepa ada tu, kumbe balaa kubwa liko kwenye bima. Bima ya matumizi binafsi haikukusudiwa kwa abiria wa kulipa, na ajali ikitokea kampuni ya bima ina pa kushikia kukataa dai. Aliyevunjika mguu anabaki kumdai dereva asiye na kitu. Programu yoyote inayosajili gari bila kuangalia stika ya bima na aina ya matumizi iliyoandikwa inamuuzia abiria usalama usiokuwepo.

Turudi kwa bosi. Sisemi hesabu ifutwe. Mwenye gari naye ana mkopo, na matairi hayanunuliwi kwa maneno. Nasema iandikwe. Makubaliano mengi ni ya mdomo, na mdomo husahau. Karatasi iseme hesabu ni kiasi gani na siku ngapi kwa wiki. Kwamba siku gari liko gereji au dereva anaumwa hesabu haiendi. Oili, breki na tairi ni za nani, injini ikifa ni ya nani, faini ni ya nani. Mamlaka inapotoa au kuhuisha kibali iitake karatasi hiyo kama inavyotaka bima, na nakala ya tatu ikae kwa katibu wa kijiwe.

Kwa bajaji za mkataba, zile ambazo dereva analipa kidogo kidogo mpaka ziwe zake, iongezwe jumla ya deni, idadi ya wiki, na daftari la kusaini kila malipo. Bila daftari, wiki mbili za ugonjwa zinatosha kumfanya bosi achukue chombo kilichobakiza mwezi mmoja tu. Na iandikwe mapema nani atalipia kubadilisha jina kwenye kadi ya usajili, na ndani ya siku ngapi baada ya malipo ya mwisho, maana wapo wanaomaliza deni lote wakaendelea kuendesha bajaji ambayo kwenye karatasi bado ni ya mtu mwingine.