Daftari Lililojaa Si Ushahidi Kwamba Daktari Ameiva

Daktari wa meno anayemaliza ubingwa wa maumivu ya kinywa na uso huleta daftari la wagonjwa aliowaona, na mara nyingi idadi ikitimia saini hupigwa. Napinga utaratibu huo. Daftari linathibitisha kwamba alikuwepo. Haliambii chochote kuhusu atakavyoamua akiwa peke yake mbele ya mtu anayelia na kushikilia jino ling'olewe leo.

Katika fani hii, umahiri mkubwa ni mkono kujizuia. Nyuralgia ya trijemino, ugonjwa wa neva inayobeba hisia za uso, huleta maumivu makali kama shoti ya umeme, hayazidi dakika mbili kila yanapokuja, na huamshwa na mambo madogo kama kupiga mswaki au upepo usoni. Mgonjwa huweza kuyaelekeza kwenye jino lisilo na kasoro yoyote. Daktari ambaye hajaiva hutibu mzizi wa jino hilo, maumivu yakibaki huligeukia la jirani, mwishowe hung'oa yote mawili. Kwa hiyo msimamizi atafute kwanza ushahidi wa kazi ambayo daktari alikataa kuifanya, na sababu alizomweleza mgonjwa.

Njia inayofaa ni ile aliyoieleza Olle ten Cate, mtaalamu Mholanzi wa elimu ya udaktari, mwaka 2005: kazi ya kliniki igawanywe katika shughuli, kisha kila shughuli ipewe ngazi ya kuaminiwa. Ngazi ni tano, kuanzia kutazama tu, kufanya msimamizi akiwa chumbani, kufanya msimamizi akiwa wa kuitwa, kufanya peke yake, hadi kusimamia wengine. Mtu mmoja anaweza kuwa ngazi ya 4 kwa maumivu ya misuli ya kutafunia na ya 2 kwa dawa za neva. Alama moja ya jumla huficha pengo hilo.

Kumtazama akipima ni lazima. Vigezo vya DC/TMD vya mwaka 2014, vya kutambua matatizo ya kiungo cha taya na misuli ya kutafunia, vinataka misuli ya panja na ya shavu ibonyezwe kwa nguvu ya kilo 1, na ncha ya nje ya kiungo cha taya kwa nusu kilo. Vidole hukosea sana. Avizoeze kwanza juu ya mizani. Lakini kosa zito zaidi ni kuuliza "inauma?" na kuishia hapo. Swali lenyewe ni kama hayo ndiyo maumivu yaliyomleta, maana misuli ya mtu yeyote huweza kuuma ikibonyezwa. Upana wa kufunguka kwa mdomo nao hupimwa kwa rula kati ya meno ya mbele, kisha huongezwa kiasi ambacho meno ya juu hufunika ya chini. Wengi husahau nyongeza hiyo.

Kwa magonjwa ya hatari, mjadala wa kisa hufaa kuliko maswali ya kuchagua jibu. Mpe daktari kisa cha mgonjwa aliyepita miaka 50, panja linauma, taya linachoka akitafuna na kutulia akipumzika. Anapaswa kuuliza habari za macho bila kukumbushwa, ashuku uvimbe wa mishipa ya damu ya panjani, na kumpeleka siku hiyohiyo, kwani kuchelewesha stiroidi kunaweza kuleta upofu. Kisha badilisha jambo moja: shavu limekufa ganzi, au taya linauma akipanda ngazi tu. Asipobadili njia, akiacha kufikiria saratani au moyo, hajawa tayari.

Kuhusu karbamazepini, dawa ya nyuralgia ya trijemino, aeleze atakavyoanza na dozi ndogo na kupandisha polepole, kwa nini anapima chembe za damu, ini na sodiamu, na ni dawa zipi nyingine ambazo karbamazepini itazipunguzia nguvu, vikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango.

Sehemu inayopuuzwa mno ni marudio. Maumivu sugu hayahukumiwi kwa ziara ya kwanza. Ningependa msimamizi amwone daktari na mgonjwa yuleyule baada ya wiki 6: je, kiwango cha maumivu na usingizi kiliandikwa mwanzoni ili kilinganishwe? Tiba isiposaidia, anarudi kuhoji utambuzi wake, au anaongeza dozi tu? Hapa wasimamizi wawili au watatu watoe maoni yao kila mmoja kivyake kabla ya kuketi pamoja.

Na cheti kitaje shughuli moja moja. Aliyebaki ngazi ya 3 kwa dawa za neva aondoke na hilo likiwa limeandikwa, pamoja na bingwa aliyekubali kupokea simu zake.