Nilivyoumbuka Ukweni kwa Sababu ya Neno "Hadi"

Kila ukoo una mtu wake wa kompyuta. Si lazima awe amesomea. Inatosha aliwahi kuonekana akizima mashine iliyogoma, akaiwasha tena, ikapona. Ukweni kwangu mtu huyo ni mimi. Kazi yangu ni uhasibu, lakini simu ya mama mkwe ikikataa kufungua picha za wajukuu, naitwa. Televisheni ikipoteza chaneli siku ya mechi, naitwa. Nimekula kuku wengi kwa cheo hicho, na sikuona sababu ya kukikana.

Sasa, laptopu yangu ilifikia umri wa kuwashwa kwanza, kisha mtu unakwenda kuoga, unakunywa chai, ndipo mnaonana. Nikaenda Kariakoo nikanunua SSD, yaani diski ya kutunzia mafaili kwenye chipu, ya GB 500 kwa shilingi 130,000. Jamani! Mashine ilifufuka. Nilikopi mafaili makubwa makubwa, ikaenda megabaiti 400 na ushee kwa sekunde, mwanzo mpaka mwisho, bila kutetereka. Nikawa kama mtu aliyeokoka juzi: kila niliyekutana naye nilimhubiria. Jina la kampuni silitaji. Waliyonifanyia nimeshawasamehe, ila sijasahau.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anapiga video za harusi. Miezi 11 baadaye akanipigia: "Shem, nataka diski ya nje ya kufanyia kazi. Harusi ya dada hiyo hapo."

"Usihangaike," nikamwambia. "Hilo niachie mimi."

Nikarudi duka lile lile. Boksi lile lile, lebo ile ile, namba ya modeli ile ile. Niliilinganisha herufi kwa herufi na picha ya lebo yangu niliyokuwa nayo kwenye simu, maana mimi si mtu wa kubahatisha. Nikaitia kwenye kasha lake la USB, nikampelekea shemeji kwa mikono miwili kama nalipa mahari ya nyongeza. Niliijaribu? Niliijaribu. Nilikopi faili moja la GB 4, likapita kama upepo. Nikapitisha.

Kosa la pili nililifanya kwenye kikao cha kamati. Shemeji alikuwa ameomba aoneshe ukumbini, kabla ya kukata keki, video fupi ya mambo ya siku ile ile. Mzee mmoja akauliza kama muda utatosha. Shemeji kabla hajafungua mdomo, nikasimama mimi. Nikaeleza habari za megabaiti kwa sekunde mpaka mweka hazina akaacha kuhesabu michango. Mzee akasema, "Basi mkwe akisema, amesema."

Siku ikafika. Kanisani nilikaa benchi la nyuma na laptopu mapajani. Kila memori kadi ya shemeji iliyojaa ililetwa kwangu kimyakimya kama sadaka, nami nikaipakua. Mpaka tunatoka nilikuwa na GB 110. Programu ya kuhariri ilikuwa kwenye laptopu ya shemeji, siyo yangu, kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi: kutoka kwangu kwenda kwenye ile diski mpya, kutoka kwenye diski kuchomeka kwake, kazi ianze. GB 110 kwa mwendo wa megabaiti 400 kwa sekunde haifiki hata dakika tano.

Saa 2 usiku tumejibanza kwenye kimeza nyuma ya DJ. Baba mkwe akaja, suti mpya, kadi ya ratiba mkononi.

"Mkwe, hiyo kitu itakuwa tayari?"

"Baba, kukopi ni dakika tano tu. Zikizidi, mnipige faini."

Sikujua kwamba MC alikuwa nyuma yangu. MC wa harusi ni kiumbe asiyeweza kusikia ahadi akanyamaza. Nikasikia spika zote za ukumbi: "Mabibi na mabwana, mkwe wetu mtaalamu ameahidi dakika tano! Zikizidi, analipa faini!" Vigelegele.

Nikabonyeza.

Dakika ya kwanza ilikuwa tamu. Grafu ya kijani imenyooka kama barafu ya keki, juu kabisa, GB 25 zimeshapita. Baba mkwe akatoa miwani mfukoni, akainama kutazama, akatikisa kichwa kwa namna ambayo baba wakwe hawaitoi ovyo. Kompyuta ikaandika: zimebaki dakika 3.

Halafu ile grafu ikadondoka kama embe.

Haikuteremka, ilidondoka. 400. 180. 62. Ikatua kwenye 30, ikakaa hapo. Yale maandishi yakafikiri kidogo, yakajiandika upya: zimebaki dakika 47.

"Kuna nini?" akauliza baba mkwe.

"Inapumua, baba."

Yaliyofuata nayaeleza kwa sababu mke wangu atayaeleza hata nikinyamaza. Nilikipuliza kile kikasha. Nilikifuta kwa tai. Nilikiinua kikae wima, labda data ishuke kwa mteremko. Nikamwendea DJ nikamwomba apunguze besi, kwamba inatikisa diski. SSD haina ndani yake kitu chochote kinachozunguka, haitikisiki hata ukiipigia ngoma kichwani, na hilo nilikuwa nalijua vizuri. Lakini mfa maji haishi kutapatapa. DJ akapunguza. Ukumbi mzima ukageuka kutazama kulikoni.

MC alijitahidi. Akaita watoto wacheze. Akaita upande wa bwana harusi wacheze na watoto. Ndafu akazungushwa mara ya pili, safari hii amebaki mifupa na lile jani la mboga mdomoni. Kila baada ya muda sauti ilirudi: "Mtaalamu, tunasoma dakika ya ngapi?" Nilionesha dole gumba. Dole gumba halina takwimu.

Dakika ya kumi shemeji akanigusa bega. "Shem, zimeingia GB 41. Nikate hapo, nitumie hizi hizi."

Hapa ndipo penye msiba. Mafaili yalikuwa yanakopiwa kwa mpangilio wa namba, yaani kuanzia alfajiri. GB 41 zilituchukua kutoka nyumbani mpaka katikati ya mahubiri. Viapo, pete, kutoka kanisani kwa shangwe, yote hayo yalikuwa kwenye zile GB 69 zilizobaki nyuma yangu, zinasogea kwa mwendo wa konokono aliyelipwa kwa saa. Shemeji alihariri kwa dakika 20, jasho linamtoka, akatoa alichonacho.

Taa zikazimwa. Kwenye projekta, ukubwa wa ukuta, akatokea bwana harusi na soksi moja, anatafuta ya pili chini ya kitanda. Akaja shangazi akigombana na fundi cherehani kuhusu zipu. Bibi harusi na rola kichwani, anakula chapati. Muziki wa kinanda, taratibu. Bibi harusi anaingia kanisani, ameshika mkono wa baba yake. Padri anahubiri. Kamera inasogea taratibu benchi la mbele, na hapo, kwa sekunde 15 nzima, shavu limeegemea bega la mama mkwe, mdomo wazi: baba mkwe. Amelala fofofo. Kisha maandishi ya dhahabu: "Mungu Ameiunganisha." Mwisho.

Kimya. Kutoka upande wa bwana harusi mama mmoja akauliza, tena kwa wasiwasi wa kweli, "Kwani ndoa yenyewe haikufungwa?"

MC alilazimika kukaa chini. Baba mkwe alisimama, akapewa kipaza sauti, akasema alikuwa anasali. Mtoto wa miaka kama sita akauliza kwa nini alikuwa anakoroma. Faini niliilipa: shilingi 50,000, ikabandikwa kwenye shati la DJ.

Jumatatu nilikuwa Kariakoo na diski zote mbili. Siyo kwa muuzaji, kwanza kwa fundi, binti mmoja mwenye bisibisi ndogo kama sindano. Alizishika kila moja na kiganja chake, akacheka kabla hata hajafungua. "Kaka, hii ya pili nyepesi."

Akazifungua. Kwenye yangu kulikuwa na bodi pana: kontrola, ile chipu inayoongoza kazi, katikati, chipu ndogo ya kumbukumbu pembeni yake, na chipu nne kubwa zimejipanga. Kwenye ya shemeji bodi ilikuwa nusu yake. Chipu mbili. Ile ndogo ya pembeni haikuwepo, ila mahali pake palikuwepo: mraba mtupu wenye vinukta vya risasi vinang'aa, kama kiti cha mgeni rasmi ambaye hakufika. Nje, ni mapacha. Tofauti nzima kwenye lebo ilikuwa herufi mbili za toleo la programu ya ndani, zimeandikwa kwa udogo ambao nzi angehitaji miwani.

Binti akanieleza vizuri. Seli ya chipu ni kama chumba cha kupanga. Kwenye diski yangu kila chumba kinalaza biti tatu, biti ndiyo chembe ndogo kabisa ya data, na hiyo maana yake seli itofautishe viwango 8 vya umeme. Kwenye ya shemeji wamelaza nne, viwango 16 mle mle. Wapangaji wengi, nafuu kwa mwenye nyumba, lakini kumwingiza kila mmoja mahali pake inataka utaratibu na subira. Ili usigundue, kuna baraza: sehemu ya diski inapokea data haraka haraka, biti moja kwa kila seli, halafu baadaye, nyumba ikitulia, inawaingiza ndani. Faili la GB 4 linaishia barazani. GB 110 zinajaza baraza, wengine wanabaki mlangoni na mabegi.

"Kwa hiyo ni feki?" nikauliza, kwa matumaini.

"Wala. Orijino kabisa. Wamebadilisha tu ndani."

Usiku ule nilitafuta wenzangu wa msiba, nikawakuta wengi. Mwaka 2021 SSD ya Crucial P2 ilihamishwa kutoka biti tatu kwenda nne, jina likabaki P2. Mwaka huo huo WD Blue SN550 ikabadilishiwa chipu, na mwendo wake baada ya baraza kujaa ukashuka kutoka megabaiti 610 hivi kwenda 390. Walipobanwa, Western Digital, ndio hao WD, wakasema siku zijazo mabadiliko ya namna hiyo yatakuja na namba mpya ya modeli. Mwaka mmoja kabla, kampuni hiyo hiyo ilikuwa imebanwa kwa diski za WD Red zinazozunguka: baadhi zilikuwa na njia za data zilizopandiana kama makuti ya paa, kwamba ukitaka kubadilisha kuti moja uanze kuinua la juu yake, na mnunuzi hakuambiwa. Na huu si ujanja wa juzi. Mwaka 2005 ruta (kifaa cha kugawa intaneti) maarufu ya Linksys, WRT54G, ilifika toleo la 5 ikiwa na kumbukumbu nusu, MB 8 badala ya 16, umbo lile lile la bluu na nyeusi. Waliokuwa wanaipenda kwa sababu ya Linux, mfumo ambao mtu anaweza kuurekebisha mwenyewe, wakafungua boksi wakakuta Linux imehama.

Mimi siwalaumu kwa kubadilisha chipu. Viwanda vinaishiwa, bei zinapanda, hata mama ntilie mchele wa Kyela ukiadimika atapika mwingine. Lakini mama ntilie ukimuuliza anakwambia, "Leo siyo wa Kyela, mwanangu."

Muuzaji yeye nilimfuata Jumanne. Alinisikiliza mpaka mwisho, tena kwa huruma, akachukua boksi, akaweka kidole chini ya namba ya megabaiti kwa sekunde.

"Bosi, soma hapa. Imeandikwaje?"

"500."

"Kabla ya 500."

"Hadi."

"Hadi 500. Sasa 30 haimo humo?"

Nilitaka kubisha nikakuta mimi ni mhasibu. Imo.

Akageuza boksi, akanionesha na mstari wa chini: maelezo yanaweza kubadilika bila taarifa. Mke wangu nilipomsimulia akasema kumbe walikuwa wanaruhusiwa kuandika hivyo, angejua na yeye angeuweka kwenye cheti cha ndoa yetu.

Mwezi uliofuata shemeji alimaliza video kamili: saa mbili na nusu, viapo vyote, pete, machozi ya mama mkwe. Iko kwenye flashi, na flashi iko kwenye kabati la vyombo, nyuma ya birika. Sijawahi kuona imechomekwa. Ile ya soksi moja ndiyo inayozunguka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na kila akiongezwa mtu mpya inarushwa upya kama salamu.

Baba mkwe alininunia wiki tatu. Krismasi nikampigia kumwambia tumeshatoka nyumbani, tutafika saa 7 mchana.

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, taratibu, "Ni saa 7, mkwe, au hadi saa 7?"