Saa 48 ambazo hakuna aliyezifanya

Chukua nyumba moja ya kupanga Dar es Salaam. Chumba cha kwanza anaishi mlinzi wa geti: anaingia zamu saa 12 jioni, anatoka saa 12 asubuhi, siku sita kwa wiki. Hizo ni saa 72. Chumba cha pili yupo kibarua wa ujenzi ambaye wiki hii ameitwa siku tatu tu, saa nane kila siku, jumla 24. Mdadisi wa takwimu akipita hapo na kutafuta wastani, ataandika saa 48. Mmoja anasinzia kwa uchovu, mwenzake ana nguvu na hana pa kuzipeleka, na karatasi inasema wote wako sawa.

Mfano ni wangu, ila ndio unaonifanya nisite kila ninaposikia wastani wa saa za kazi kwa wiki ukitumiwa kupima soko la ajira la mkoa. Nasita, lakini sikitupi kipimo hiki, maana wanaokipenda wana hoja nzito.

Biashara ikidorora, mwajiri hakimbilii kupunguza watu. Kuna notisi, kuna kiinua mgongo, na kesho akihitaji watu itabidi afundishe wapya. Anaanza kwa kukata ovataimu, kisha anapunguza zamu. Oda zikirudi, anawaongezea saa aliobaki nao kabla hajaajiri mwingine. Kwa hiyo saa hubadilika mapema kuliko idadi ya ajira. Nchini Marekani, saa za viwandani ni sehemu ya kiashiria tangulizi cha uchumi, yaani kinachodokeza mapema uchumi unaelekea wapi, kinachotolewa na taasisi ya utafiti iitwayo Conference Board, na takwimu za saa hutolewa kila mwezi kwa kila jimbo.

Kwetu kuna sababu nyingine, na kwangu hii ina uzito zaidi. Kwa kanuni za kimataifa, aliyefanya kazi ya kipato hata saa moja katika wiki ya utafiti anahesabiwa ana ajira. Asiye na akiba hawezi kukaa bure. Atauza hata maji barabarani. Kiwango cha ukosefu wa ajira kinamwona ameajiriwa. Saa zake ndizo zinazosema ukweli.

Sasa tazama Aprili 2020, wakati wa janga la korona. Marekani ilipoteza zaidi ya ajira milioni 20 ndani ya mwezi mmoja, na wastani wa saa katika sekta binafsi ukapanda kidogo, ukafika 34.2. Waliopoteza kazi wengi walikuwa wa migahawa na hoteli, watu wenye wiki fupi. Walipoondoka kwenye hesabu, wastani wa waliobaki ukaonekana umenona. Aliyetazama namba hiyo peke yake angedhani mambo ni shwari.

Kulinganisha mikoa kunaleta tatizo hilohilo. Ukiweka Geita yenye migodi ya zamu ndefu kando ya Mtwara ya korosho, unalinganisha aina za kazi zaidi ya afya ya soko. Mtwara yenyewe, wakati wa mavuno na miezi mingine, ni kama mikoa miwili tofauti. Na saa za mama anayechota maji na kupikia familia hazimo kabisa katika saa za ajira.

Kwa hiyo, wastani wa mkoa naukubali ukilinganishwa na wa mkoa huohuo, msimu uleule wa mwaka uliopita. Na usitolewe peke yake: pembeni yake iwepo asilimia ya wanaofanya chini ya saa 40 na ya wanaozidi 48, kiwango kilichowekwa na mkataba wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani mwaka 1919.

Rudi kwenye ile nyumba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne. Hata ukimhesabia mlinzi ovataimu yote, haruhusiwi kuvuka wastani wa saa 57 na nusu. Anafanya 72. Zile 27 zinazozidi 45 ni nyingi kuliko saa zote alizopata kibarua wiki nzima, na wastani wa 48 hauna njia ya kumwonyesha afisa kazi kwamba kwenye lile geti kuna nafasi ya mtu wa pili.