Eneo-kazi jepesi kwenye Linux ya kazini: wepesi upo, mlezi ni nani?

Ukisakinisha Red Hat Enterprise Linux (RHEL) leo na kutaka eneo-kazi, yaani madirisha na menyu badala ya amri tupu, unapewa GNOME, basi. KDE, eneo-kazi jingine, ilikuwemo mpaka toleo la 7. La 8 lilipotoka Mei 2019, haikuwemo tena. Anayetaka kitu chepesi kama Xfce huenda kukichukua EPEL, hazina ya vifurushi vya ziada inayotunzwa na jamii ya Fedora. Hapo ndipo wasimamizi wa mifumo wanapogawanyika. Wapo wanaoapa kwamba GNOME ni mzigo, na wapo wasiotaka hata kusikia habari za kifurushi ambacho Red Hat haiwajibiki nacho. Nawaelewa wote, ila naona mara nyingi wanagombania lisilo lenyewe.

Wanagombania kumbukumbu (RAM). Ni kweli Xfce hutumia kumbukumbu kidogo kuliko GNOME, lakini mtu akishafungua kivinjari na kurasa zake kumi, tofauti hiyo imeshamezwa. Kwenye kompyuta ya mezani yenye gigabaiti 16 sioni sababu ya kuhangaika.

Uzito wenyewe uko kwenye kuchora skrini. GNOME hutarajia kukuta kadi ya picha. Isipoikuta, kazi yote ya kuchora huangukia prosesa kupitia llvmpipe, programu inayochora bila kadi hiyo. Jaribu mwenyewe: ukiwa mbali, ingia kwenye mashine pepe isiyo na kadi ya picha, andika top kwenye terminali (amri inayoorodhesha programu zinazotumia prosesa zaidi), kisha shika dirisha ulivute huku na huku. Utaona gnome-shell, yaani GNOME yenyewe, ikipanda juu ya orodha na kung'ang'ania pale mpaka uachie kipanya. Sasa weka watu ishirini kwenye seva hiyo moja, kila mmoja na madirisha yake. Xfce haina sharti hilo: vivuli na uwazi wa madirisha huzimwa kwa kuondoa tiki moja tu kwenye mipangilio, na kazi ikaendelea. Kwenye seva ya namna hiyo simlaumu anayekimbilia Xfce. Ningefanya vivyo hivyo.

Upande wa pili nao wana hoja nzito, na wala si woga wa mageuzi. Vifurushi vya EPEL hutunzwa kwa kujitolea, na mkataba wa msaada wa Red Hat hauvigusi. Toleo dogo la RHEL likitoka na maktaba mpya, vifurushi vilivyojengwa juu ya zile za zamani vinaweza kukwama hadi vijengwe upya. Waliowahi kutumia KDE Plasma ya EPEL wanakumbuka dnf, kisakinishi cha vifurushi, inavyogoma Qt, maktaba ambayo KDE imejengwa juu yake, ikipandishwa toleo. Mtunzaji akichoka au akipata shughuli nyingine, huna wa kumdai. Na kuna watu tunaowasahau kabisa katika ubishi huu: wasioona, wanaofanya kazi kwa kisoma-skrini Orca. Orca ni sehemu ya mradi wa GNOME. Kabla ya kubadilisha eneo-kazi la ofisi nzima, waulizwe wao kwanza.

Kilichobadilisha mizani ni RHEL 10, iliyotoka Mei 2025. Seva ya Xorg, inayoonyesha madirisha kwa mfumo wa zamani wa X11, imeondolewa. Iliyobaki ni Wayland, mfumo mpya wa kazi hiyo hiyo, pamoja na Xwayland kwa ajili ya programu za zamani. Xfce 4.20 ya Desemba 2024 imeanza kuielewa Wayland, lakini kwa majaribio tu, na kidhibiti chake cha madirisha, xfwm4, kilibaki kwenye X11. Hoja ya wepesi iliyokuwa imara kwenye toleo la 9 haina pa kukanyaga kwenye la 10.

Seva nyingi, kwa kweli, hazihitaji eneo-kazi lolote. Cockpit, zana ya kusimamia seva ndani ya kivinjari, inatosha. Zinazolihitaji, na ziko kwenye RHEL 9 inayotunzwa hadi 2032, ningeziwekea Xfce huku GNOME ikibaki pembeni, ili siku vifurushi vikigoma watu wachague nyingine pale pale kwenye skrini ya kuingilia. Kila toleo dogo ningelijaribu kwenye mashine moja kabla ya kugusa nyingine. Kwenye RHEL 10 ningebaki na GNOME, na kitu cha kwanza ningezima miondoko yake ya mapambo:

gsettings set org.gnome.desktop.interface enable-animations false