Mayai 300, Kutoka Mbezi Hadi Ubungo

Naomba mtu mmoja mwenye akili timamu anijibu: mwendesha baiskeli ni nani katika jiji hili la Dar es Salaam? Mwaka wa 11 huu nabeba mayai kwa baiskeli na bado sijajua niko kundi gani. Nikiingia barabarani, dereva ananiambia hii njia ya magari. Nikipanda pembeni, mama wa dagaa ananiambia hii njia ya watu. Nikisimama nifikirie, mlinzi wa duka ananiambia hapa hawaegeshi. Sasa nipae?

Kwanza muujue mzigo wangu. Kila siku asubuhi nachukua trei kumi kwa mfugaji mmoja kule Mbezi. Trei moja mayai 30, piga hesabu mwenyewe. Kwenye karia natanguliza ubao, juu ya ubao kipande cha godoro ambacho mke wangu mpaka leo anakitafuta, halafu trei tano huku na tano huku, halafu nakaza kwa mipira niliyoichana kwenye tyubu kuukuu. Ukikaza sana, trei ya juu inabonyea. Ukilegeza, zote zinacheza ngoma. Kuna mkazo wake, na mkono wangu unaujua hata gizani. Kwa hiyo ukiona mtu yuko kwenye baiskeli kanyoosha mgongo kama bwana harusi, usiseme anajivuna. Huyo ana mayai.

Sasa kutoka Mbezi kuja Kimara barabara imepanuliwa, njia nane. Nane! Mimi naomba futi mbili tu kushoto. Basi hizo hizo futi mbili ndizo dunia nzima inazitaka. Foleni ikisimama kidogo, mwenye gari lake anachungulia mbele, anaona kwa halali hakuendeki, anakata kushoto kwenye vumbi na kuanza kutanua. Na anayetanua hana haya. Anakuja na honi! Anampigia honi mtu aliye mahali pake, yeye aliye mahali si pake, na ukigeuka kumtazama anakunja uso kama vile umemfungulia mlango yuko bafuni.

Honi nazo zina lugha. Ya lori la mikoani haikwambii upishe, inakusomea talkini moja kwa moja. Gari dogo la mtu wa ofisini linapiga mbili fupi fupi: samahani, lakini potea. Daladala ndilo halieleweki. Linamwita abiria, linamsalimia mwenzake, linamsonya trafiki waliyekwisha kumpita, linanifukuza mimi, yote kwa sauti moja. Ujue mwenyewe ipi ni yako.

Jumanne iliyopita ilikuwa yangu. Nipo karibu na Kimara, kushoto kabisa, tairi linakwaruza ukingo. Daladala likanipita. Kunipita si kosa, nimezaliwa nikipitwa. Ila halikufika hatua kumi, likaniziba mbele liingie kituoni, na saiti mira ikanigusa kiwiko, pwa, kama mtu anayetaka kukunong'oneza jambo. Konda ananing'inia mlangoni, anapiga bati: "Babu! Toa kuku wako barabarani!"

Nikamjibu, "Bado hawajaanguliwa!" Abiria wakacheka, wakamcheka nani sijui. Halafu nikasikia sauti ya mama mmoja dirishani: "Lakini hawa wa baiskeli nao ndio wanaoleta foleni."

Mimi! Baiskeli yangu upana wake ni mabega yangu, na mabega yenyewe mnayaona. Foleni imetoka Ubungo, magari makubwa kama nyumba za kupanga, kila moja lina mtu mmoja, na viti vinne vitupu vinapigwa kiyoyozi. Aliyeileta ni mimi wa mayai.

Ikabidi niruke ukingo, na ndipo nikasikia nyuma yangu: ta. Wabeba mayai tunaijua hiyo sauti. Ukisikia "ta" moja unaendelea na safari. Ukisikia "chwaa" unarudi nyumbani kumwandaa mama watoto. Mimi nilisikia "ta" kama sita hivi, nikashuka kuangalia, yakawa 11 yenye ufa.

Kuanzia Kimara naweza kusema serikali ilinikumbuka. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza 2016, kando ya barabara yake zilikuwepo njia nzuri za waenda kwa miguu na baiskeli. Mwaka 2018 jiji letu likapewa hadi tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, jiji la kwanza Afrika kuipata. Kwenye kupiga picha sikuitwa, sina kinyongo. Ila waliotoa tuzo waje siku moja wapite na baiskeli saa tatu asubuhi. Watakuta ndizi mbivu, chaja za simu, viatu vya mtumba mguu mmoja mmoja, jiko la chapati, na kijana aliyelala juu ya mkokoteni wake akisubiri kazi. Mwaka 2021 wamachinga waliondolewa, nikakaa kama wiki hivi nateleza kama mfalme. Nadhani waliniona ninavyofurahi.

Sasa kengele yangu ilishakufa, kikombe chake kilidondoka kwenye tuta. Kwa hiyo nikitaka kupishwa inabidi nitumie mdomo. Na mtu mwenye trei kumi nyuma atasema nini zaidi ya "Mayai! Mayai jamani! Mayai!" Hapo ndipo balaa. Badala ya kunipisha, watu wanasimama katikati ya njia. "Trei bei gani? Ya kienyeji au ya kisasa?" Nimeshika breki, nimekaza matako, na mtu anabonyeza yai kwa kidole.

Na bodaboda! Hao nao wamehamia huko huko pembeni, wananitoka nyuma na kunisukuma kwa moshi: "Mzee, pisha, wewe vipi!" Kijana, hilo jina unalotambia lilitoka kwenye baiskeli. Miaka ya 1960 huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, walikuwa ni watu wa pedeli wanaovusha abiria kutoka boda hadi boda. Injini imekuja juzi. Leo mjukuu anamfukuza babu barazani kwa babu mwenyewe.

Mnaona, kila mmoja ananikana. Ila siku ya makosa, hapo ghafla natambulika. Kuna siku trafiki alinisimamisha, akanizunguka mara mbili kama ananunua ng'ombe. "Unajua hiki ni chombo cha usafiri? Unaijua Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973? Taa iko wapi?" Jua linawaka hadi lami inanuka. Nikamwonyesha dinamo. Akasema iwashe. Dinamo, kama hujawahi, ukiilaza kwenye tairi baiskeli inakuwa nzito kama unamvuta mtu asiyetaka kwenda. Nikazungusha pedeli pale pale nimeinyanyua kwa stendi, jasho linatiririka, mayai yanatikisika, taa ikatoa mwanga wa kiberiti kinachokufa. Akaniambia, "Haya, nenda, lakini uwe makini." Nyuma yake gari lilipita halina hata bampa.

Nisijitakase lakini. Kutokuwa na kundi kuna faida yake ndogo. Pale Ubungo taa ikiwa nyekundu, nashuka. Nikishuka mimi ni mtu wa miguu, nina haki zangu, nasukuma baiskeli taratibu hadi ng'ambo na uso wa mnyonge. Nikifika napanda, nageuka chombo cha usafiri. Madereva waliobaki nyuma wanapiga honi, na hapo lugha yao naielewa vizuri sana, lakini sigeuki.

Hiyo Jumanne nilifika Ubungo saa tano, nikaenda kwa kijana wangu wa chipsi. Yai lenye ufa huwezi kumpelekea mwenye duka, anakutazama kama umemletea maiti. Kijana wa chipsi anayachukua kwa nusu bei na anayavunja hapo hapo, kwa sababu kazi nusu imeshafanywa. Nikakaa kwenye benchi nihesabu hasara.

Nani akaja? Yule yule konda. Gari yao imepaki kwa mbele, ameshapiga tripu mbili, njaa imemkamata. "Oya, zege moja, kachumbari nyingi, fasta." Kijana akachukua matatu ya kwangu, ta, ta, ta, yakamwagika kwenye chipsi. Mimi kimya. Konda akala tonge la kwanza, la pili, la tatu akasimama. Akaingiza vidole mdomoni, akatoa ganda kubwa kama kucha ya dole gumba, akaliinua juani.

"Mayai gani haya?"

Kijana akanielekezea mwiko. "Muulize mzee, ndiye aliyeyaleta."

Akanitazama, akatazama baiskeli, akatazama trei. Nikasubiri anikumbuke. Wapi! Akatikisa kichwa kwa huruma kabisa, kama mtu anayemshauri baba yake mzazi.

"Mzee wangu, mayai yanabebwa taratibu. Siyo unakimbiza baiskeli kama daladala."