Maumivu ya ubavu: utrasaundi kwanza, Dar baadaye

Huku kwetu Mtwara, mtu akishikwa na maumivu ya ubavu hadi anagaragara mkekani, wa kwanza atasema chango, wa pili ngiri, na wa tatu ameshaenda kuchimba mizizi. Kisha inaingia simu ya ndugu aliyeko Dar: "Mleteni huku apigwe CT-scan," yaani ile mashine ya mionzi inayopiga picha za mwili vipande vipande. Hapo ndipo ninapogomba. Watu wanauza korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi kwa bei ya kutupa, ili wapate nauli na pesa ya kipimo, wakati mgonjwa anayeshukiwa kuwa na jiwe la figo hajapigwa hata utrasaundi.

Sibishi kwamba CT huona zaidi. Huonyesha karibu kila jiwe, hata bila ile dawa ya kung'arisha picha inayodungwa mshipani, yakiwemo mawe ya asidi ya yuriki ambayo eksirei ya kawaida haiyaoni. Lakini usiku wa maumivu swali kubwa ni kama mkojo umeziba na figo imevimba. Hilo utrasaundi hulijibu, tena bila mionzi. Jiwe lisilozidi milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe. Mgonjwa anahitaji dawa nzuri ya maumivu, na muda.

Wamarekani walilipima jambo hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulihusisha wagonjwa 2,759 katika idara 15 za dharura. Walioanza na utrasaundi hawakudhurika zaidi ya walioanza na CT, na mionzi waliyopata ilikuwa michache. Baadhi yao walipelekwa CT baadaye, daktari alipoona haja.

Sisi wa Kusini tuna sababu nyingine tena: kichocho. Kichocho cha mkojo hutoa damu, hubana mirija inayoshusha mkojo kutoka figoni na kuvimbisha figo pasipo jiwe lolote. Kifaa hichohicho cha utrasaundi kikipitishwa juu ya kibofu kinaweza kuonyesha ukuta ulionenepa, na hapo mkojo upelekwe maabara ukatafutwe mayai ya kichocho.

Kinachonikera ni upigaji wenyewe wa utrasaundi. Nimewahi kushika majibu ya mstari mmoja: "Figo zote kawaida." Kibofu hakikutajwa popote, na mgonjwa alikuwa ameambiwa akakojoe kwanza ndipo aingie! Jiwe dogo hupenda kukwama pale mrija unapoingilia kibofu, na huonekana vizuri kibofu kikiwa na mkojo. Likikwama katikati ya mrija, gesi ya tumbo hulificha, kwa hiyo "kawaida" haimaanishi hakuna jiwe. Daktari naye aandike kwenye fomu anatafuta nini, asiandike "utrasaundi ya tumbo" akaishia hapo.

Wapo ambao sitawazuia kusafiri. Mwenye figo moja. Mzee anayepata maumivu haya kwa mara ya kwanza, kwani huenda ni mshipa mkubwa wa damu tumboni umetanuka. Mwenye homa na figo iliyoziba huyo asingoje picha ya pili: aanzishiwe antibayotiki hapohapo, na atafutiwe haraka mahali pa kuzibuliwa mkojo.